Majina ya Walioalikwa Kula

Hoima, 12/2/2024

Kwa yaya wangu Michée, kaka yangu mkubwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, wifi Alphonsine na wote wa nyumba ya Ngezi, hata yule mbuzi wenu anayekula nguo kwenye kamba, kama bado yuko hai na bado hana adabu. Siye huku Uganda tuko wazima. Olivier anaendelea na kazi ya kuchomelea vyuma, na macho yake mekundu. Jemima ametimiza miaka kumi na miwili na amekwisha kunipita kimo. Nikimkaripia inabidi niinue kichwa.

Nimerudi kwenye barua kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, inaita mpaka inachoka. Nikikuandikia, unanijibu kwa kidole gumba. Nimekuuliza habari za mvua, kidole gumba. Nimekuambia jino limeniuma wiki nzima, kidole gumba! Sasa Mama Ushindi, yule anayeleta samaki wa Tchomia mpaka huku, amekubali kubeba bahasha. Kwenye karatasi utalazimika kusema neno.

Shida yangu ni hii. Olivier alipewa playstation kuukuu na mtu aliyemtengenezea geti. Imekuja na michezo ya mpira tu, na Jemima mpira hautaki. Mtoto huyu anapenda mambo ya mizimu: nyumba iliyoachwa, mlango unaofunguka wenyewe, mtu mmoja na upanga wake anaingia mahali ambapo wenye akili wangetoka mbio. Nikamwambia, ngoja, nina kaka Bunia ambaye michezo hiyo anaijua kuliko walioitengeneza. Kwa hiyo tuandikie ya kutafuta, usiniaibishe.

Halafu jambo moja zaidi, na hili ndilo analolingoja hasa. Mtumie sauti yako. Nimemhadithia ile salle ya mzee Assani, chumba cha kulipia michezo, siye tumebanana kwenye mkeka, wewe umesimama kando ya televisheni na fimbo yako. Maandishi ya Kiingereza yanapita, nawe unayageuza Kiswahili papo hapo, ukiwa mama, ukiwa mzimu, ukiwa mpaka ule mlango. Nimemhadithia Mama wa Ziwa mara nyingi hata nimechoka, na bado ananiambia mimi siijui, wewe ndiye unayeijua. Irekodi kwenye simu, yaya. Hata kipande.

Mimi mdogo wako,
Agathe

—

Bunia, 3/4/2024

Kwa leki yangu Agathe,

Salamu nyingi, mdogo wangu, na pole kwa jino. Barua yako ilikaa Tchomia kwa sababu njia ilifungwa, ikafika ikinuka samaki hivi kwamba paka aliifuata mpaka mezani. Alphonsine anakusalimu. Mbuzi alikula soutane, ile kanzu ya padri wa jirani, tukamla kabla padri hajaja kulalamika. Mvua ni nyingi, na mahindi ya Marabo yameanza kuingia sokoni.

Sasa tuje kwa Jemima. Kwanza mfundishe kuchagua. Mchezo mzuri wa mizimu unakuonyesha kiti kinachotikisika kabla ya kukuonyesha aliyekikalia. Mchezo mbaya unakurushia zimwi usoni kila mara unapofungua mlango. Huo ni wa kushtua, na hata kuku anaweza kukushtua. Kingine, asikilize. Azime muziki wa jirani, asikilize maji, mbao, na hatua zake mwenyewe. Ukiona mchezo ambao hatua zako hazina sauti, rudisha CD.

Atafute kwanza ule ambao hapa tunauita Taa. Ni wa mtu anayeingia kijiji chenye ukungu, taa mkono wa kushoto, panga mkono wa kulia. Ukikimbia taa inazimika, na ikizimika wenyeji wanatoka. Hapa vijana wa mpira wote walikufa katika dakika ya kwanza, kwa sababu hawajui kutembea. Wa pili ni Usigeuke, wa binti mwenye upinde ndani ya hekalu lililojaa maji. Sanamu hazisogei ukizitazama. Unapigana na nyingine huku ukijua ile uliyoipa mgongo inakuja. Ni mgumu, lakini unamfundisha mtu subira. Wa tatu una jiji la mawe na upanga mrefu kuliko mwenyewe. Una kelele, mpe shemeji Olivier.

Majina ya kwenye makasha siyajui vizuri, unajua CD zetu huja zimeandikwa kwa marker. Mweleze muuzaji kama nilivyokueleza, ataelewa.

Mama wa Ziwa uiache. Ni ya zamani, picha zake mbovu, na CD yetu ilikwaruzika. Mtoto aanze na vitu vizuri.

Mungu awalinde.
Yaya wako,
Michée

—

Hoima, 9/6/2024

Yaya Michée,

Salamu kutoka kwetu sote, na pole kwa mbuzi, ingawa nimecheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Jemima ameshinda mtihani. Olivier alichomeka kidole, kinapona. Huku ni kavu, tunachota maji mbali.

Taa tumeipata! Muuzaji alinisikiliza nikieleza kijiji na ukungu, akainamisha kichwa chini ya meza akatoka nayo. Olivier alikufa kwa sababu ya kukimbia, akafa tena, akasema mchezo umeharibika. Jemima alitembea. Alitembea polepole hata mimi niliyekuwa nachambua maharage nikasahau maharage. Alipofika kwenye kisima na kusikia mtu anateka maji huku hakuna mtu, alinishika mkono, yeye asiyenishika mkono tena siku hizi. Asante, yaya. Usigeuke bado tunautafuta.

Lakini alipomaliza aliniambia hivi: "Mama, iko muzuri sana. Lakini hakuna mutu wa kuisema." Nikaelewa. Nami ndivyo nilivyoona. Picha ni nzuri kuliko zile zetu, sauti ni nzuri, na bado kuna nafasi tupu kando ya televisheni, pale uliposimama na fimbo.

Nimekuomba sauti, ukanijibu mambo yote isipokuwa hilo. Umenijibu mpaka habari za paka. Basi niulize wazi: una hasira nami? Ni kwa ajili ya matanga ya Mama Mukubwa? Yaya, mama yako ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipopotea, unadhani ningekosa kumzika kwa kupenda? Nilikuwa na tiketi ya mashua mkononi, njia ya ziwa ikafungwa. Nililia peke yangu kwa mama mwenye nyumba asiyejua hata jina la marehemu. Kama ni hilo, nikemee. Nikemee kwa simu, piga kelele, nitasikiliza mpaka mwisho na nitafurahi, kwa kuwa nitakuwa nimekusikia.

Agathe

—

Bunia, 27/8/2024

Leki yangu,

Nakusalimu. Mwambie Jemima hongera kwa mtihani, na hongera zaidi kwa kutembea.

Sina hasira. Usiseme tena neno hilo la matanga. Mama alijua njia zimefungwa, na siku ya mwisho alikutaja wewe kabla ya kunitaja mimi, jambo ambalo mimi ndiye ningepaswa kulikasirikia.

Ni koo. Mwaka jana kiliota kitu kwenye koo, nikadhani ni mafua, nikanywa tangawizi kama mjinga. Daktari alikitoa, na alinionya kabla kwamba sauti inaweza kwenda nacho. Ilikwenda. Nimepona, wanasema hakitarudi, nakula vizuri. Iliyobaki ni pumzi tu. Alphonsine ananisikia akiwa karibu. Kuku hawanisikii kabisa, nikiwafukuza wananitazama. Nilimkataza Alphonsine asikwambie. Nilitaka angalau mtu mmoja duniani abaki na ile sauti ya zamani kichwani, na niliona heri awe wewe.

Salle bado iko, palepale kwa mzee Assani, sasa naiendesha mimi, na televisheni tatu. Watoto wanakuja, wengi ni wa kambi za waliokimbia, wamesikia kwa wakubwa wao kwamba kwa Papa Michée mchezo unasemwa. Wanakaa kwenye mkeka, wananitazama, wanangoja. Nawawekea Taa, wanacheza kidogo bila kuelewa maandishi, kisha mmoja ananong'ona waweke mpira. Nimejaribu kumweka kijana mwingine aseme, anasema Kifaransa kama anahutubia mkutano. Mpira naweza kuuona popote, sikufungua nyumba kwa ajili ya mpira. Baada ya Noeli nafunga. Televisheni moja nitawapa wa parokia.

Usiniandikie maneno ya huruma, yananichosha. Niandikie kama mmepata Usigeuke. Jemima akifika kwenye ukumbi wa sanamu saba, asimame pembeni, mgongo ukutani. Hilo peke yake litamwokoa.

Michée

—

Hoima, 20/10/2024

Yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wifi Alphonsine. Tuko wazima. Umenikataza huruma, sitaandika huruma. Nililia siku mbili, nikamaliza, sasa naandika mengine.

Usigeuke hatukuupata. Lakini yule muuzaji, nilipokuwa natoka, aliniuliza kama napenda vya zamani, akafungua kasha. Nikaona picha ya mwanamke na kibuyu, maji yanamfika kiunoni. Ni Mama wa Ziwa, yaya. Ina jina lingine kabisa.

Tulikaa watatu. Jemima ndiye aliyeshika manette, kile kidude cha kuchezea. Ukungu ni uleule, na ile ngoma ya mbali inayosimama ukiifuata. Ule mtumbwi unaokuja bila mtu, niliuogopa upya kama vile sikuwahi kuuona. Unajua Jemima anasoma Kiingereza, nami nimekijua tangu nianze kuuza dukani. Tulikuwa tunasoma kila mmoja kimya, na kadiri tulivyoendelea nilikuwa natafuta maneno yako na siyaoni. Mlinzi wa daraja hasemi habari ya mihogo. Mzimu wa mto hana mke anayemsumbua. Jemima akanigeukia: "Mama, hii haiko ile."

Kisha tukafika mwisho. Wewe ulituambia mama anavuka, anafika nyumbani, chakula kiko tayari. Kilichoandikwa pale si hicho. Kimeandikwa kwamba alikufa tangu mwanzo, kabla hatujashika hata manette. Njia yote ile hakuwa anarudi kwa watoto wake. Alikuwa anatafuta pa kuwaambia wasimngoje. Akishasema, anashuka majini na maji yanafunga.

Unajua nilivyofika Ngezi mwaka ule tulipokimbia vita ya Djugu. Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu Micheline aligeuka njiani kumfuata koko, bibi yangu, akatuambia: "Mutangulie. Nitabakuta ku chakula." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kutoka kwake. Nilikataa kula kwenu mpaka Mama Mukubwa akawa ananilisha kwa nguvu. Na jioni moja ukanipeleka kwa mzee Assani, ukanikalisha mbele, na televisheni ikawa nyeusi, na maandishi meupe yakaanza kupanda. Bado nakusikia: "Sasa anafika ku nyumba. Televizio iko mweusi sababu amefunga mulango. Na haya iko majina ya batu benye aliita kula. Tusome." Ukasoma. Ukasoma majina yetu wote, Mumbere, Assani, Agathe, kila aliyekuwa kwenye mkeka, fimbo yako ikifuata mistari. Na jina la mwisho kabisa, kila mara, lilikuwa Micheline.

Yaya, yale ni majina ya waliotengeneza mchezo! Mpaka juzi, mimi mwanamke mzima mwenye mtoto, sikuwahi kufikiri ni kitu kingine. Ulijua? Ulijua imeandikwa nini?

Olivier alitaka kuzima. Nikasimama. Sijui nilipatwa na nini, nikashika mwiko, nikasimama kando ya televisheni na kuanza kuyasoma majina kwa Kiswahili chetu. Nilipofika kwa Micheline nilishindwa, na Jemima akamalizia.

Ndani ya mfuko wa samaki, kwenye kitambaa cha bluu, Mama Ushindi anakuletea CD na kadi ndogo ya simu. Kwenye kadi nimerekodi mchezo wote, mwanzo hadi mwisho, jinsi ulivyousema wewe, pamoja na mihogo na mke wa mzimu. Chezesha, huku ukiweka sauti yangu. Pale mwisho, majina yanapoanza kupanda, nimenyamaza. Hao watoto mimi siwajui. Wasome wewe, kwa pumzi hiyohiyo.

Leki yako,
Agathe

—

Bunia, 29/12/2024

Kwa leki yangu Agathe, shemeji Olivier na binti yangu Jemima,

Heri ya Noeli iliyopita na ya mwaka unaokuja. Alphonsine anawasalimu, amenunua mbuzi mwingine, mpole kwa sasa. Njia ilifungwa tena, mfuko ukafika wiki ya Noeli. Samaki walikuwa wameharibika. Kitambaa cha bluu kilikuwa kizima.

Uliniuliza kama nilijua. Kiingereza sikukijua wakati ule na sikijui sasa. Hakuna hata neno moja la mchezo ule nililolielewa, nilikuwa kijana anayeangalia picha na kusema alichokiona. Lakini maji nina macho ya kuyaona, Agathe. Siku ya kwanza nilicheza mwenyewe, niliona mwanamke anashuka na maji yanafunga, na hakutoka. Sikuhitaji kusoma. Kesho yake nilikuleta wewe. Nilikuwa nimejiandaa kuzima kabla ya mwisho, nikachelewa, na maji yakaanza kumpanda, nikakutazama. Ulikuwa umeinuka kwa magoti. Basi nikasema chakula. Na maandishi yalipoanza kupanda sikujua ni nini, nikaona ni mengi, kama watu wanaoingia uani, nikawaalika. Ulipofika nyumbani ulikula ugali na majani ya sombe, ukaomba tena. Mama alitoka nje ili usimwone analia. Baada ya hapo ningewezaje kubadilisha? Ndiyo maana nilikukatalia CD. Nilijua siku hizi unasoma.

Majuto sina. Ningesema vilevile leo.

Sasa sikiliza. Jumamosi niliweka CD yako kwenye televisheni kubwa, na simu kwenye beseni la chuma ili sauti itoke vizuri. Watoto walikuja kwa ajili ya mpira. Ulipoanza, "Haya, mukae chini, kuko mama moja anatafuta njia," walikaa. Leki yangu, unasema vizuri. Mzimu wa mto umemharibu kidogo, yule ni mzee, usimpe sauti ya polisi. Lakini mama wa ziwa ni wewe. Nilicheza kwa vidole tu na sikuwa na kazi nyingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa kwenye mkeka nikasikiliza mchezo ule. Nilielewa kwa nini mlikuwa mnarudi kila siku.

Maji yakapanda. Ukasema, "Amefunga mulango." Kisha ukanyamaza, na majina yakaanza.

Nilitaka kuzima. Nakwambia ukweli. Wote walikuwa wananitazama. Nikashika fimbo, nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Wa nyuma wakasema hawasikii, wakasogea. Wakasogea tena, mpaka wakawa wamenizunguka na mmoja ameegemea goti langu, na salle ikawa kimya kiasi cha kusikia feni. Nikasoma kila mtoto kwa jina. Niliyekuwa simjui jina alinitajia sikioni, nikalisoma. Kisha, kwa kuwa maandishi yalikuwa bado yanapanda, binti mmoja wa kambini akaniambia, "Papa Michée, weka na mama yangu." Nikamweka. Basi wote wakaanza kuleta majina, na mistari ikatosha. Mwishoni kabisa nilisoma Micheline, kama kawaida.

Nilipoinua macho, mlangoni kulikuwa na mtu mzima amesimama na koti lake la kuendeshea pikipiki, kofia ya chuma mkononi. Mumbere, yule wa mkeka wetu, alikuwa anapita akasikia sauti yako. Watu wazima wa Bunia unawajua, hawaingii kwenye mambo ya watoto. Alikuwa anatazama ile mistari ya mwisho inayopotea juu.

Akasema: "Yaya, na miye? Zamani ulikuwaka unanitaja."

Nikamwita. Akavua viatu, akaja kukaa.

Ile televisheni ya parokia sijaipeleka. Taa nayo irekodi kwa sauti yako, uniletee. Ukitoka kisimani usiharakishe.

Yaya wako,
Michée